Siku Tisa Ndani ya Faili

Jumamosi saa nne asubuhi mafundi saba wa kibarazani walikuwa na desturi ya kusimamisha mashine zao za kushona kwa nusu saa. Hawakuwa wakipumzika. Ilikuwa saa ya kipindi, na kipindi kilikuwa cha mume wa mwenyekiti wao. Redio ndogo iliwekwa juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mikasi, na sauti nzito ya mzee ikaanza kueleza mahakama zimeamua nini wiki hiyo, nani kamshitaki nani, serikali imeteleza wapi na raia kajikwaa wapi. Mzee huyo alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alikaa nyumbani miezi minne akiwaeleza mke na bintiye taarifa ya habari ambayo wote watatu walikuwa wameisikia pamoja, mpaka binti, mwalimu wa shule ya msingi, akaenda kituo cha redio kumwombea kazi. Aliiombea nyumba amani kwa njia hiyo. Mji mzima sasa ulimwita Kwa Mujibu, maana ilikuwa nadra aanze sentensi bila kusema kwa mujibu wa jambo fulani.

Na tusimpunje, alikuwa anajua. Aliweza kuchukua hukumu ya kurasa sitini, iliyoandikwa kana kwamba mwandishi hakutaka isomwe, akaieleza mpaka muuza mkaa akaielewa na kuipinga.

Jumamosi hiyo msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza habari ya kesi ya kibaraza. Kesi yenyewe ilikuwa hivi: manispaa iliwaandikia mafundi barua wahame ndani ya miezi miwili, ili kibaraza cha jengo la zamani la posta kivunjwe na kuwa maegesho ya magari. Walikuwa wameshonea pale miaka kumi na tisa, kila mwaka kwa leseni ya manispaa hiyo hiyo, na hakuna aliyewauliza hata neno moja kabla ya kuamua. Wakaenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi ule ufutwe, kwa sababu mtu hafukuzwi bila kusikilizwa. Mwombaji wa kwanza katika karatasi alikuwa mke wa Kwa Mujibu.

Hapo ndipo mwanamume mwenye busara hunywa maji na kuomba wimbo upigwe.

"Mke wangu yumo katika shauri hilo, kwa hiyo mimi silizungumzii," alianza vizuri kabisa.

"Basi kwa ujumla tu, mzee wetu," alisema mtangazaji, ambaye alikuwa na dakika nane za kujaza. "Mwananchi anayepinga uamuzi wa serikali azingatie nini?"

"Kwa mujibu wa kanuni, ana siku thelathini tangu barua imfikie. Ikiwa ya thelathini na moja, amechelewa. Korti haimwamshi aliyelala. Watu wengi hawapotezi kesi kwa kukosa haki, wanapoteza kwa kukosa kalenda."

Kibarazani walicheka. Fundi mmoja mwembamba, ambaye wenzake walimwita Kifungo kwa kuwa alivaa kila rangi ya kifungo kwenye gauni moja, alimgeukia mwenyekiti. "Shoga, mumeo anatusema sisi?"

"Sisi tuko salama," alisema mke wa Kwa Mujibu. "Tulifungua kesi siku ya ishirini na saba. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu na kwa kalenda."

Upande mwingine wa mji, wakili wa manispaa alikuwa ameketi kwenye benchi la plastiki akisubiri gari lake lioshwe. Suala la kuhesabu siku za kufungua kesi halikuwa limempitia akilini hata kidogo. Alisikiliza kipindi mpaka mwisho, akatoa simu, akampigia tarishi wa manispaa. "Ile barua ya mafundi uliipeleka lini," aliuliza, "na nani alisaini?"

&nbsp;

Alhamisi wakili wa mafundi alifika kibarazani kwa miguu. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye kutembea na ndala na kubeba viatu vya kisigino ndani ya mkoba, karibu na majalada. Hakukaa. Alitoa majibu ya manispaa, akawasomea kwa sauti ya chini kwamba barua ilipokelewa siku thelathini na sita kabla ya kesi kufunguliwa, kwamba mafundi walichelewa, na kwamba korti inaombwa ilitupe shauri lote bila hata kugusa habari ya kusikilizwa au kutosikilizwa.

"Thelathini na sita zimetoka wapi?" aliuliza mwenyekiti. "Mimi barua nimeipata tarehe kumi na tisa."

"Wameambatanisha ukurasa wa daftari la tarishi, mama. Ilipokelewa tarehe kumi. Kuna sahihi hapa. Unamfahamu mtu huyu?"

Hakuhitaji miwani. Sahihi ile ilikuwa na mkia mrefu uliorudi nyuma, ukazunguka mara tatu na kujipigia mstari wenyewe. Alikuwa nayo kwenye cheti cha ndoa, kwenye ripoti za shule za binti yake, na kwenye kila kitabu ndani ya nyumba, hata kile cha simu.

"Namfahamu," alisema. "Namfulia."

Hakuna aliyecheka. Mafundi sita waliangalia mashine zao. Kifungo peke yake alinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha akajutia, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekaa chini kwenye gunia la vitambaa na alikuwa hajawahi kukaa chini saa za kazi.

&nbsp;

Jioni Kwa Mujibu alikuwa mezani, kalamu mkononi, akiandaa kipindi cha wiki. Binti alikuwa upande wa pili akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Mke aliingia, akavua viatu, akaweka karatasi ile kando ya kikombe cha mumewe.

"Sahihi ya nani hii?"

Aliitazama. Mkono ulimwendea shingoni kulegeza kola. "Kwa mujibu wa..."

"Usianze."

"Ni yangu."

"Tarehe kumi ulipokea. Mimi ukanipa tarehe kumi na tisa. Ukaniambia, mama watoto, barua yenu imekuja. Na mimi nikakushukuru."

Basi akaeleza, na maelezo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko alivyozoea. Siku ile tarishi alifika kibarazani, mwenyekiti akawa ameenda kununua nyuzi. Tarishi hakutaka kurudi mara ya pili, akaja nyumbani. Alimwambia, mzee, wewe ndiye mahakama yenyewe, nisainie hapa. Naye akasaini. Kisha akaifungua, akaona imejaa vifungu vya sheria, akaiweka kwenye faili lake la kahawia ili kwanza amwandikie mkewe maelezo.

"Sikutaka uisome hivi hivi ukapata presha," alisema.

"Maelezo yenyewe ndiyo zile kurasa nne ulizonipa pamoja na barua?"

"Ndiyo."

"Nilizifanya karatasi za kukatia kola."

Binti aliinamisha kichwa juu ya madaftari. Mabega yake yalitikisika kidogo, kisha yakatulia. "Baba," alisema, "kurasa nne kwa siku tisa? Wanafunzi wangu wanaandika insha kwa dakika arobaini."

"Niliandika mara tatu."

"Na Jumamosi," alisema mke, "ukakaa redioni ukasema tumelala."

"Sikusema nyinyi."

"Tuliosikia ni sisi."

Alisema hivyo polepole, bila kupandisha sauti, na ndivyo ilivyouma zaidi. Ukweli ni kwamba tangu ampe mkewe ile barua, Kwa Mujibu hakuwa amezifikiria siku zile tisa hata mara moja. Mtu aliyeweza kukumbuka tarehe ya hukumu ya miaka ishirini nyuma alisahau tarehe iliyokuwa ndani ya faili lake mwenyewe. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini walisahau kutaja kwamba mara nyingine humwua na mgonjwa wa jirani.

Tangu jioni ile mke hakumwita mume wangu wala mzee. Alimwita Msikilizaji. "Msikilizaji wetu, chai iko mezani." "Msikilizaji, maji ya kuoga yamepoa." Alimwekea kila kitu kama kawaida, shati limepigwa pasi, soksi zimekunjwa pamoja. Kwa Mujibu aliitika kila mara, na kila mara alionekana mfupi zaidi. Mjini nako habari haikukawia. Muuza magazeti alimpa gazeti lake na kumuuliza kama alilipokea leo au atalisaini wiki ijayo. Ijumaa mkuu wa kituo cha redio alimpigia simu kwa heshima nyingi, akamshauri apumzike mpaka kesi iishe. Jumamosi saa nne redio ikapiga muziki, na kibarazani hakuna aliyesimamisha mashine.

&nbsp;

Ofisi ya wakili ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na viti vilikuwa vitatu. Mwenyekiti alikaa, Kifungo akakaa, cha tatu kikabaki wazi. Kwa Mujibu alikataa kukikalia, akasimama karibu na mlango na kofia mkononi.

"Tutaiambia korti kwamba siku zihesabiwe tangu barua ilipomfikia mama," alisema wakili. "Na kama korti itaona ni tangu siku iliyosainiwa, tutaomba tusamehewe zile siku sita zilizozidi. Ila kwa yote mawili tunahitaji kiapo. Mtu wa kuapa ni mmoja tu." Hakumtazama Kwa Mujibu aliposema hivyo. "Korti ikikataa, kesi imekufa. Na ile miezi miwili ikiisha, mashine ziko barabarani."

"Kuna njia nyingine," alisema Kifungo. "Aseme ile siyo sahihi yake. Nakala yenyewe imefifia. Nani atajua?"

Chini, mtu alikuwa anagonga chuma. Kwa Mujibu aliinua kichwa kidogo, na tusimfiche, wazo hilo lilimpita moyoni na kukaa kidogo kabla ya kuondoka. Kwa neno moja angewaokoa wote na asichekwe na mtu. Lakini alikuwa amewaapisha watu wengi mno kwa lugha zao, wevi na wajane na mapolisi, akawatamkia kiapo neno kwa neno, na alijua walivyobadilika uso waliokusudia kudanganya.

Mke ndiye aliyejibu. "Mashine yangu ina mguu mmoja mbovu tayari," alisema. "Sitaki wa pili uwe wa uongo."

"Nitaapa," alisema Kwa Mujibu kutoka mlangoni.

"Wataomba wakuhoji, baba," alisema wakili. "Wakili wa manispaa ana mdomo. Atakuvua nguo mbele ya watu waliokusalimia kwa heshima miaka yote hiyo."

"Najua anavyofanya. Nimeyatafsiri maswali yake miaka kumi na miwili."

&nbsp;

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Mafundi walivaa nguo walizojishonea wenyewe, kila mmoja akiwa tangazo la biashara yake. Makarani wa zamani waliacha meza zao wakaja kusimama nyuma. Siku tano zilikuwa zimebaki kabla ya kibaraza kuvunjwa.

Kwa Mujibu alipoitwa alinyanyuka, na miguu kwa mazoea ikamchukua kuelekea kiti cha mkalimani. Karani alimshika kiwiko taratibu, akamgeuza kizimbani. Katika miaka thelathini na mmoja ndani ya chumba kile alikuwa amesema maelfu ya maneno, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

"Ni kweli ulipokea barua ya manispaa tarehe kumi?" aliuliza wakili wa manispaa.

"Shahidi anasema ni kweli alipokea..."

"Mzee," alisema jaji, bila ukali, "leo shahidi ni wewe."

Watu walicheka. Kwa Mujibu alifuta paji la uso. "Samahani, mheshimiwa. Nilipokea."

"Wewe ndiye uliyesema redioni kwamba korti haimwamshi aliyelala?"

"Ni mimi."

"Unayakana maneno hayo leo?"

"Siyakani. Ni kweli kabisa. Ila waliolala si wao. Niliyelala ni mimi."

"Barua ilikuwa na jina lako?"

"La mke wangu, kama mwenyekiti wa mafundi."

"Unaishi naye nyumba moja?"

"Naishi kwake," alisema Kwa Mujibu, na nyuma makarani wakacheka tena.

Wakili wa manispaa alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa hodari wa kusubiri. "Mzee, kiapo chako kinasema uliikalia barua siku tisa kwa sababu ulikuwa unaandika maelezo. Barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Wewe unaeleza hukumu za kurasa sitini kila Jumamosi. Unataka korti iamini kwamba ukurasa mmoja ulikushinda siku tisa? Mheshimiwa, hadithi hii imetungwa. Mkeo, mzee, aliijua barua siku ile ile, mkachelewa wenyewe, sasa unajibebesha lawama ili kumwokoa. Si ndivyo?"

"Sivyo."

"Basi ieleze korti ni kwa nini siku tisa."

Kwa Mujibu aliweka mikono juu ya ukingo wa kizimba. Wakili wa mafundi aliacha kuandika. Hili hakulijua, halikuwamo kwenye kiapo, na aliona kwa macho yake kesi ikianza kumponyoka. Mwenyekiti aliyekuwa benchi la mbele alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

"Tangu nistaafu," alisema Kwa Mujibu, "nyumbani hakuna anayeniuliza kitu." Sauti ya redio ilikuwa imemtoka. Hii ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma walisogea ili waisikie. "Si kwa ubaya. Mke wangu ana akili zake, anaongoza watu na kazi zao. Binti yangu amesoma kunipita. Mji mzima unaniuliza sheria. Nyumbani wananiuliza kama nimekula. Barua ile ilipokuja nikaisoma, nikasema moyoni, hii sasa ni kazi yangu. Nikataka siku nikimpa nimpe na majibu yake yote, aone kwamba bado nafaa. Nikaandika, nikaona haitoshi. Nikachana. Nikaandika tena. Na tarehe niliyoipokea sikumwambia, kwa sababu niliona haya. Hakuna zaidi ya hapo, mheshimiwa."

Alikuwa amezoea kumtazama jaji anapomaliza kutafsiri, lakini safari hii alitazama mikono yake mwenyewe. Wakili wa manispaa alipekua karatasi mbili ambazo hazikuwa na kitu, akasema hana swali lingine.

Jaji alitoka kwa nusu saa, akarudi na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. Barua, alisoma, iliandikiwa mwenyekiti wa mafundi, ikakabidhiwa mtu ambaye si fundi wala wakala wao. Manispaa ilikuwa na anwani ya kibaraza kwa miaka kumi na tisa na ilijua njia ya kufika pale kukusanya ada za leseni. Siku zinahesabiwa tangu tarehe kumi na tisa. Kuhusu dai kwamba shahidi ametunga, jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Nimekaa kiti hiki miaka mingi. Watu wanaotunga hujitungia sifa. Sijaona aliyejitungia aibu ya namna hii." Shauri lingesikilizwa kwa ukamilifu wake, na mpaka liishe mashine zisiondolewe kibarazani. "Ama shahidi na mkewe," aliongeza, "hilo korti haina mamlaka nalo."

&nbsp;

Nje mafundi walikumbatiana mpaka mabegi yakaanguka. Kifungo alimshika Kwa Mujibu mkono kwa mikono miwili, akataka kusema jambo, likagoma, akaishia kumsawazisha kola. Wakili alikuwa amekaa kwenye ngazi anavua viatu vya kisigino. Binti aliwatazama wazazi wake, akasema ana kipindi shuleni saa nane, na hakuwa na kipindi chochote.

Wakabaki wawili, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani. Walipita benki, wakapita duka la vioo. Kwa Mujibu alitembea nusu hatua nyuma, kofia mkononi, akingoja kuitwa Msikilizaji. Alikuwa tayari kuitika.

"Mume wangu," alisema mkewe. "Hivi lile neno la jaji, kwamba mashine zisiondolewe mpaka kesi iishe. Linaitwaje kisheria?"

Alimtazama. Wakili alikuwa amelieleza mara mbili pale ngazini, na lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya mkoba wa mkewe. Mke alilijua. Naye Kwa Mujibu alijua kwamba analijua.

"Zuio la muda," alisema.

"Ndiyo nini hiyo?"

Kwa Mujibu alivaa kofia. Akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza taratibu, na mkewe akapunguza mwendo ili asiachwe na maelezo. Kabla ya kufika nyumbani mke alikuwa amemuuliza maswali mengine matatu, na jibu la swali la mwisho hakulijua kweli.